Neno "Ametulia" Kwenye Faili

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa familia zinazouguza majeruhi wa kichwa na kwa madereva wa bodaboda

Mheshimiwa Diwani, viongozi wetu wa dini, mwenyekiti wa kijiwe na vijana wako wote, ndugu zangu mnaouguza: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Nimeambiwa nina dakika 40 na kwamba chai imeshaiva, kwa hiyo mkiona napitiliza, mwenye birika aligonge kwa kijiko tu, nitaelewa.

Nimefanya kazi miaka 26 kwenye wodi ya majeruhi wa kichwa. Leo sikuja kuwasomesha udaktari. Nimekuja kuzungumzia neno moja nililoliandika kwenye mafaili ya wagonjwa mara nyingi kuliko neno lingine lolote. Neno lenyewe ni "ametulia".

Kulikuwa na kijana mmoja, dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili. Aligongwa usiku na gari dogo. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila ilikuwa imening'inia kwenye usukani, mnajua wenyewe. Alifika kwetu hajitambui, damu imevilia ndani ya fuvu. Akapasuliwa, damu ikaondolewa, wiki ya pili akafumbua macho. Wiki ya tatu akawa anaomba maji na kuwagombeza wanafunzi wa uuguzi wanaomchoma sindano vibaya. Sisi tukafurahi: mgonjwa anayegombana anapona.

Wiki ya nne akanyamaza. Hakulia, hakuhangaika, hakuchomoa mpira wa mkojo. Ukipita mbele yake, macho yanakufuata mpaka mlangoni. Ukimtia uji mdomoni anaumeza. Ukiweka bakuli na kijiko mbele yake na kuondoka, ukirudi baada ya saa moja utalikuta bakuli kama ulivyoliacha, na yeye hajala tangu jana. Inzi anatua kwenye midomo, hamfukuzi. Sasa fikirini wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi watatu. Mgonjwa wa namna hiyo ni nafuu kwako. Nikaandika kwenye faili: "Ametulia." Kesho yake nikaandika hivyo hivyo. Siku nne.

Mkewe alikuwa anauza maandazi asubuhi, mchana yuko wodini. Siku ya kwanza ya kile kimya aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, mume wangu kaninunia?" Mama mkwe alikuwa ameshamwambia kwamba mtoto wake hataki kumwona, kwamba kuna jambo walikosana kabla ya ajali. Shemeji naye akasema ni jini, lazima atafutwe mtaalamu. Jirani wa kitanda akasema amekata tamaa. Kila mtu alikuwa na tafsiri ya kile kimya, na tafsiri zote zilimfanya mgonjwa kuwa mwenye makosa, au mkewe. Mimi, mwenye cheti ukutani, tafsiri yangu ilikuwa ndiyo ya kivivu kuliko zote.

Siku ya nne yule mama alisimama mbele ya meza yangu, hakukaa. Akasema, "Dada, huyu hajatulia. Mume wangu namjua, hata usingizini anaongea. Kuna kitu."

Nitarudi kwao. Kwanza niwaeleze hicho kitu.

Madaktari wanaiita akinetiki mutizimu. Maneno ya Kigiriki na Kilatini, maana yake ni bubu asiyejongea. Mimi miaka yote wodini nimekuwa nikiiita kimya cha macho, kwa sababu macho ndiyo pekee yanayobaki kazini. Mtu yuko macho. Hakupooza: mikono ina nguvu, ukimfinya sana anaweza kuuvuta mkono. Koo ni zima, ulimi ni mzima. Lakini haanzishi jambo lolote. Hasemi, hajigeuzi, haombi maji akiwa na kiu, halii akiwa na maumivu. Ukimuuliza swali unaweza kusubiri dakika nzima, ukapata neno moja la kunong'ona, au usipate kabisa.

Msimchanganye na wengine wanaofanana naye kwa mbali. Mwenye koma amefumba macho, humwamshi kwa kumwita wala kwa kumfinya. Yuko mwingine anayefumbua macho, analala na kuamka, lakini macho yale hayamfuati mtu, yanatazama tu kama dirisha lililo wazi. Na yuko yule ambaye mimi humwonea huruma kuliko wote, aliyefungiwa ndani: akili timamu, anasikia kila neno, ila ameumia kwenye shina la ubongo na hawezi kutikisa chochote isipokuwa kupandisha na kushusha macho na kupepesa. Huyo anataka kusema na mwili umemkatalia. Mwenye kimya cha macho ni kinyume chake: mwili ungeweza, kinachokosekana ni ile hatua ya kwanza ya kutaka.

Kipimo kimoja cha nyumbani: chukua kioo cha kujitazamia, kile cha saluni. Kiweke mbele ya uso wa mgonjwa, kisogeze taratibu kulia, kisha kushoto. Binadamu hufuata sura yake mwenyewe kwa macho kuliko anavyofuata kidole cha daktari au kalamu. Jambo hilo limepimwa na watafiti, na mimi nimeliona kwa macho yangu. Macho yakifuata kioo, mwambieni daktari. Kuna mtu mle ndani.

Jina la hali hii lilitolewa Oxford, Uingereza, mwaka 1941, na daktari wa upasuaji wa ubongo aliyeitwa Hugh Cairns pamoja na wenzake. Alikuwa Mwaustralia. Mgonjwa wao alikuwa binti wa miaka 14. Alikuwa analala kitandani akiwatazama watu, macho maangavu, anameza akilishwa, hasemi, hacheki, hajitikisi. Ubongo una vyumba vya ndani vyenye maji; kwenye chumba chake cha tatu kulikuwa na uvimbe wenye majimaji, kama kifuko. Cairns akaingiza sindano akayafyonza yale majimaji. Basi binti, pale pale, akaanza kuitika na kujibu maswali. Baadaye kifuko kikajaa tena, naye akarudi kwenye kimya. Kikafyonzwa, akarudi duniani. Mwishowe wakakiondoa chenyewe, akapona. Walipomuuliza kuhusu ule muda aliokuwa kimya, hakukumbuka kitu.

Nilipofundishwa habari hii nikiwa mwanafunzi niliiona kama hadithi ya mazingaombwe. Ilinichukua miaka kuielewa kwa kichwa cha muuguzi: kile kimya kilikuwa na chanzo, chanzo kilikuwa na mahali, na mahali pale palifikika kwa sindano. Kama wangemwandikia "ametulia" wakamwacha, angetulia moja kwa moja.

Vijana wa bodaboda, nisikilizeni hapa, kwa sababu mtu huyu Cairns anawahusu kuliko anavyonihusu mimi. Mwezi Mei 1935 aliitwa kumtibu T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni. Lawrence alikuwa na pikipiki yenye nguvu sana. Akawakwepa vijana wawili wa baiskeli barabarani, akaruka, kichwa kikapiga chini. Hakuwa na kofia ngumu. Alilala siku sita bila kuzinduka, akafa. Cairns hakuisahau ile maiti. Akaanza kuhesabu vifo vya wapanda pikipiki, na mwaka 1941, mwaka ule ule wa yule binti, akachapisha makala akionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya Vita vya Pili vya Dunia wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa barabarani Uingereza. Waliovaa kofia ngumu aliokutana nao wakiwa wameumia kichwa walikuwa saba tu, na wote saba waliishi. Novemba ya mwaka huo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake wote kuvaa. Raia wa huko walisubiri mpaka 1973 ndipo sheria ikawafikia, kwa hiyo msidhani ubishi wa kofia ni wa Waswahili peke yao.

Daktari mmoja, mwaka mmoja, kile kimya na ile kofia. Huwa najiuliza kama yeye mwenyewe aliliona hilo.

Haya, tuingie kichwani. Nitumie lugha ya kijiwe. Una pikipiki nzima. Tangi limejaa, tairi zina upepo, gia zinaingia, mnyororo umepakwa oili. Unapiga kiki, hakuna kitu. Fundi anafungua, anakuta plagi haitoi cheche. Ndivyo ilivyo. Ubongo una sehemu zinazosukuma misuli, sehemu za kusikia, za kuona, za lugha. Zote zinaweza kuwa nzima. Lakini katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana upande wa mbele, juu ya macho na kurudi nyuma kidogo, kuna eneo linaloitwa singuleti ya mbele, na jirani yake eneo linaloandaa mwendo kabla mwendo haujaanza. Kutoka hapo kuna njia inayoshuka mpaka kwenye viini vya ndani, inapita talamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, inarudi tena mbele, kama mzunguko wa waya. Na kutoka ubongo wa kati, chini huko, zinapanda nyuzi zinazoleta kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo cheche. Waya ukikatika popote kwenye mzunguko huo, pande zote mbili za ubongo, au dopamini isipofika, mtu anabaki amelala anakutazama.

Daktari Antonio Damasio, huko Marekani, aliwahi kumhudumia mwanamke aliyepata kiharusi kwenye eneo hilo la mbele. Alikaa kimya kwa wiki kadhaa. Alipopata nafuu akaulizwa: ulikuwa unataka kusema ukashindwa? Akaeleza kwamba hapana, hakuwa na la kusema. Hakujisikia kufungwa, hakuwa na hofu wala hasira. Mama mkwe wa yule kijana angelisikia jibu hilo, angemwachia mkwewe nafasi ya kupumua. Anayenuna ana mengi sana ya kusema, ndiyo maana ananuna.

Sasa ni nini kinachokata huo waya?

Kwa majeruhi wetu wa barabarani ziko njia tatu au nne, na moja nitaikalia zaidi. Kichwa kinapogonga lami kikiwa kwenye mwendo, ubongo unatikisika ndani ya fuvu kama mayai kwenye trei. Sehemu ya mbele ya chini inakwaruzwa na mifupa yenye makali iliyo juu ya macho, inavimba, inavia damu. Hapo hapo nyuzi ndefu za ndani zinavutika na kukatika huku na kule, nyingine ndogo hata CT scan haizioni. Halafu kuna damu inayokusanyika chini ya fuvu siku ile ile, au taratibu kwa wiki kadhaa, hasa kwa wazee. Mzee ameanguka bafuni mwezi uliopita, mmesahau, leo hasemi. Msisahau.

Njia ninayotaka kuikalia ni ya maji. Ubongo hutengeneza maji yake, karibu nusu lita kila siku, na kwa wakati wowote yaliyomo ndani na kuuzunguka ni kama mililita 150. Maana yake yanabadilishwa mara kadhaa kwa siku. Yanatengenezwa, yanapita vyumbani, yanafyonzwa kurudi kwenye damu. Baada ya ajali damu ikichanganyika na maji yale, vitundu vya kuyafyonza vinaziba kama bomba la sinki. Maji hayaishi kutengenezwa. Vyumba vinatanuka na kuzibana njia zile zile nilizozitaja, kutokea ndani. Nasi tumezoea kusema "kichwa maji" kwa watoto wachanga, kwa sababu fuvu la mtoto halijafunga, kwa hiyo kichwa kinakua na kila mtu anaona. Mtu mzima fuvu lake limeshafunga. Kichwa hakikui. Kinachobadilika ni mtu: anapungua maneno, anapungua mwendo, anajikojolea, ananyamaza. Hutokea wiki au hata miezi baada ya ajali, wakati ndugu wameshachinja mbuzi wa shukrani.

Nje ya ajali kuna kiharusi cha mishipa miwili ya mbele, ambayo kwa maumbile yake inakaa bega kwa bega, kwa hiyo ubaya ukiwa mahali pamoja pande zote mbili zinaumia. Kuna mshipa mdogo unaoiunganisha miwili hiyo, na ndipo uvimbe wa mshipa wa damu unapopenda kuota na kupasuka. Mtu anapata maumivu ya kichwa ya ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata. Akiokoka kupasuka kwenyewe, baada ya siku tatu nne hivi mpaka wiki mbili mishipa inaweza kusinyaa na kuunyima ubongo damu, na hapo ndipo mgonjwa aliyekuwa akiongea ananyamaza. Kuna uvimbe wa kichwani. Kuna kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambacho nacho huziba njia za maji. Kwa nchi yetu hicho hakikosi kutajwa. Kuna watoto waliotolewa uvimbe kisogoni: wanaamka vizuri baada ya upasuaji, siku mbili tatu baadaye sauti inapotea kwa wiki, na hao mara nyingi sauti hurudi, ingawa si lazima irudi kama ilivyokuwa.

Na kuna jiko la mkaa. Akina mama wa maeneo ya baridi, Lushoto, Njombe, Makete, mnanielewa. Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoifukuza oksijeni kwenye damu. Watu wanakutwa asubuhi wamezimia. Wengine wanazinduka, wanakula, wanasalimia, wanaruhusiwa. Kisha baada ya siku kadhaa au wiki mbili tatu, mtu yule aliyerudi nyumbani akitembea anaanza kuzubaa, anaacha kusema, anakuwa kama sanamu. Ile hewa ilikuwa imeshaharibu viini vya ndani na mafuta yanayozifunika nyuzi za ubongo, na madhara yamechelewa kujitokeza. Familia nyingi haziunganishi mambo haya mawili, wanasema amerogwa kwa sababu kati ya moshi na kimya zimepita siku 20.

Mmeona nimeyataja maradhi mengi kwa haraka, na sitaki myakariri. Kitu kimoja tu ndicho ninachowaomba mkibebe: mgonjwa aliyekuwa anaongea akaacha, huyo ana jambo jipya kichwani mpaka ithibitike vinginevyo. Arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, na mseme maneno haya haya: "Alikuwa anaongea, ameacha." Msiseme "amekuwa mpole".

Matibabu yanafuata chanzo. Maji yakijaa, yanatolewa: kwa mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani mpaka tumboni, au kwa kutoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine. Chumba cha tatu ndicho kile kile cha binti wa Oxford. Upasuaji wa tundu hilo umefanyiwa kazi kubwa hapa kwetu Afrika Mashariki, Mbale nchini Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, ambako daktari Benjamin Warf aliuunganisha na kuunguza sehemu inayotengeneza maji, kwa sababu mtoto wa kijijini mrija wake ukiziba usiku hana pa kukimbilia. Madaktari wa Marekani walijifunza kutoka Mbale. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kusikia upande mmoja tu wa safari.

Chanzo kisipoondoka, au kikiondoka na cheche isirudi, madaktari hujaribu dawa zinazoongeza dopamini au zinazofanya kazi kama yake: levodopa, bromokriptini, amantadini. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti wa amantadini kwa watu 184 walioumia kichwa na ambao fahamu zao zilikuwa hazijarudi sawasawa. Waliopewa dawa walipata nafuu haraka zaidi katika wiki nne za kuitumia. Dawa iliposimamishwa, kasi ile ikapungua. Hawa hawakuwa wote wa kimya cha macho, na sitawaambia kwamba ni dawa ya muujiza. Ninawaambia ipo, na mna haki ya kumuuliza daktari. Vile vile muulizeni kama mgonjwa anapewa haloperidoli ya kumtuliza au metoklopramaidi ya kuzuia kutapika. Dawa hizo mbili zinaiziba dopamini. Kumpa mgonjwa wa namna hii kwa wiki nzima bila sababu nzito ni kumwaga maji kwenye plagi. Lakini msizisimamishe wenyewe nyumbani! Ulizeni.

Mwaka 2000 madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu kijana aliyeumia ubongo kwa ajali, akapewa zolpidemu, dawa ya usingizi, na badala ya kulala akaanza kuzungumza na mama yake. Habari zikazagaa dunia nzima. Baadaye walipopimwa wagonjwa wengi, ilionekana kama mmoja kati ya 20 ndiye anayeamka namna hiyo, na kwa saa chache tu. Kwa hiyo mtu asiende duka la dawa kununua vidonge vya usingizi akisema dada wa hotuba alitutuma.

Lipo jambo moja lisilo na gharama, nalo hunifurahisha. Daktari Miller Fisher, Mkanada aliyefanya kazi Boston, aliona kwamba wagonjwa wengine wanaokaa kimya mbele ya mtu huitika wakipigiwa simu. Unasimama mbele yake unamuuliza habari, kimya. Unaenda chumba cha pili unapiga simu, muuguzi anaiweka sikioni mwake, na mtu anasema "haloo". Mlio wa simu na mazoea ya miaka mingi vinaingia kwa mlango mwingine. Haitokei kwa wote, wala haimaanishi mgonjwa alikuwa anajifanya, na ole wake nitakayemsikia akisema alikuwa anajifanya. Jaribuni. Mama aliye kijijini apige, amwite kwa jina lake la utotoni.

Kumwuguza ni kazi ngumu, mnaijua kuliko mnavyoweza kuambiwa. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hatajigeuza, na kidonda cha mgongoni huanza usiku mmoja. Mkalisheni wima kabla ya kumlisha na mngoje ameze kabla ya kijiko kingine, kwa sababu hatakohoa kuwaonya. Mkunjueni vidole. Na chungeni midomo yenu. Hamjui anasikia nini. Mambo ya shamba, ya nani atachukua pikipiki, ya mke kurudi kwao, yazungumzieni nje ya wodi.

Birika limegongwa, nimesikia. Nimalizie habari ya kijana.

Yule mama aliposimama mezani kwangu, nilikasirika kidogo, nitakuwa mkweli. Lakini nikaenda kitandani na kalamu yangu, nikaisogeza, macho yakanifuata. Nikampigia daktari. Kipimo cha kichwa kikarudiwa mchana ule, vyumba vya maji vilikuwa vimetanuka kuliko picha ya wiki ya kwanza kiasi kwamba hata mimi nisiye mtaalamu wa picha niliona. Akawekewa mrija usiku. Kesho yake hakuna mabadiliko, na shemeji akasema mlitaka tu pesa. Keshokutwa jioni mkewe alikuwa anamfuta uso kwa kitambaa, kijana akageuza shingo akamtazama, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Hesabu ya jana nani amepeleka kwa bosi?"

Ile jana yake ilikuwa na wiki tano. Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nikalifungua faili, na kwenye mstari uliofuata baada ya zile "ametulia" zangu nne nikaandika: "Ameuliza hesabu."

Karibuni chai. Mwenye swali aje nalo na kikombe chake.